Gumba Likiyumba: Kutafuta Kasoro Katika Bluzi za Gitaa Kavu

Bluzi za vijijini, zile zilizorekodiwa kusini mwa Marekani miaka ya 1920 na 1930, mara nyingi ni muziki wa mtu mmoja na gitaa kavu moja. Hakuna mpiga besi, hakuna ngoma, hakuna mwenzako wa rithimu wa kukuziba ukiteleza. Kidole gumba kinashika besi na mwendo, kidole cha shahada na cha kati vinadonoa wimbo juu yake, na mdomo unaimba. Kwa hiyo kitu kimoja kikiharibika, vyote vinasikika vibaya kwa pamoja, na anayejifunza hajui aanzie wapi. Wengi huanzia kwenye vidole vya wimbo, kwa sababu ndiko kosa linakosikika. Mimi nakuomba uanzie kwenye gumba. Masikio yatakuambia vingine, lakini mara nyingi chanzo kiko hapo.

Kwanza tenganisha. Shika kodi moja, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, piga gumba peke yake kwa dakika mbili, bila kidole kingine chochote. Mwendo ukiyumba hapo, usisogee mbele. Kila utakachokijenga juu yake kitayumba pia. Gumba likiwa limetulia lakini nyuzi zinakwaruza au kodi inakera sikio, shida ni ya gitaa lenyewe, ruka hadi sehemu za kutyuni na za mkwaruzo. Na ikiwa kila kitu ni salama mpaka vidole vingine vinapoingia, basi endelea hapa chini.

Besi inasimama kila kidole cha shahada kinapoingia

Hili ndilo lalamiko namba moja. Mtu anapiga besi vizuri, tum-tam-tum-tam, kisha anadonoa noti moja ya wimbo na gumba linaganda, au linakimbilia noti ileile ambayo kidole kimeigusa. Sababu ni kwamba mkono bado unalichukulia gumba kuwa kidole kama vingine: akili ikituma amri kwa kimoja, vyote vinasubiri.

Kipimo ni rahisi. Piga gumba peke yake huku ukitaja kwa sauti siku za wiki, au ukimjibu mtu anayekuuliza umekula nini. Gumba likisimama unapofungua mdomo, maana yake bado unaliendesha kwa kulifikiria. Halijawa tayari kubeba wimbo, na hakuna zoezi la kidole cha shahada litakalokusaidia kwa sasa.

Dawa yake ina hatua, na ukiruka hatua utarudi ulikotoka. Weka metronomu, ile mashine ya kuhesabu mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika, shika kodi ya C. Gumba linapiga uzi wa tano, wa nne, wa sita, wa nne (nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba kabisa). Kidole cha pete cha mkono wa kushoto kinatoka freti ya tatu (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo) ya uzi wa tano na kwenda freti ya tatu ya uzi wa sita pigo la tatu linapofika, kisha kinarudi. Likishatulia kiasi kwamba unaweza kuongea, bana: pigo la kwanza, gumba na kidole cha shahada viguse nyuzi kwa pamoja, kidole kikiwa kwenye uzi wa pili. Noti hiyo moja tu kwa kila mapigo manne. Baadaye bana kwenye la kwanza na la tatu. Kisha uje ugumu wenyewe: noti ya kidole inayoangukia katikati ya mapigo mawili, gumba likiwa hewani. Mikono mingi huvunjikia kwenye noti iliyo kati ya pigo la pili na la tatu, kwa sababu hapo gumba linatakiwa kuhama uzi wakati uleule. Ikiwa ni hapo unapokwama, usirudie wimbo mzima. Chukua mapigo hayo mawili peke yake uyazungushe mpaka yachoshe.

Msikilize Mississippi John Hurt wa Avalon, Mississippi. Alirekodi mwaka 1928, akasahaulika, akapatikana tena mwaka 1963 akiwa bado kijijini kwake, na gumba lake la uzeeni lina utulivu uleule wa ujanani. Wimbo unaweza kutangulia, kuchelewa au kunyamaza kabisa; besi haimngojei mtu. Huo ndio utulivu tunaoutafuta.

Lakini kuna sababu nyingine ambayo walimu wengi hawaitaji: huenda umechagua besi isiyo yako kwa sasa. Besi ya kupokezana, ile inayoruka kati ya nyuzi mbili au tatu, si lazima katika muziki huu. Mance Lipscomb, mkulima wa Navasota huko Texas aliyerekodiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960, alikuwa akigonga uzi mmoja mnene tena na tena alipopiga katika E, kama moyo unavyodunda, na juu yake wimbo ukawa huru kabisa. Lightnin' Hopkins, Mtexas mwenzake, alifanya hivyohivyo. Kwa kweli mwanafunzi anayehangaika na besi ya kupokezana ningemtoa huko leo nikamweka kwenye E, gumba kwenye uzi wa sita tu, mpaka wimbo uanze kutoka. Atarudi kwenye C akiwa na mkono mwingine.

Besi inafunika wimbo

Hapa gumba linafanya kazi, ila linafanya kupita kiasi. Weka simu umbali wa mita mbili, jirekodi, sikiliza. Ukiwa umeinamia gitaa huwezi kujua mizani yake, kwa kuwa sikio lako liko juu ya nyuzi nene.

Kama unachosikia ni mvumo mzito usio na mipaka, kila noti ya besi ikimwagikia inayofuata, laza ukingo wa kiganja juu ya daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, pale nyuzi nene zinapotokea. Tafuta mahali penyewe kwa subira. Ukisogea mbele kidogo kuelekea tundu, besi inakufa kabisa na unabaki na mdundo mkavu usio na noti. Ukirudi nyuma mno, mvumo unarudi. Kati ya hapo na hapo kuna sauti fupi, nene, yenye noti inayotambulika. Eneo hilo ni jembamba kuliko unavyodhani, na kila gitaa lina lake. Nyuzi tatu nyembamba ziache wazi, ziimbe.

Kama tatizo ni nguvu na si mvumo, angalia vidole vinavyokutana. Ukitazama mkono wako wa kulia kutoka juu, gumba linatakiwa kutangulia upande wa shingo ya gitaa, na vidole vibaki nyuma yake upande wa daraja. Gumba likijificha ndani ya kiganja, litagongana na kidole cha shahada, na kila mgongano utaongeza nguvu usiyoikusudia. Kusogeza kifundo cha mkono kidogo tu hutosha.

Usilaumu kucha haraka. Hurt alipiga kwa vidole vitupu. Mchungaji Gary Davis, aliyezaliwa South Carolina mwaka 1896 na kuhamia New York, alivaa piki, vile vifaa vigumu vya kudonolea nyuzi, kwenye gumba na kwenye kidole cha shahada, akatumia vidole hivyo viwili tu kupiga mambo ambayo wengine hushindwa kwa vitano.

Noti zote zipo, lakini wimbo hauchezeki

Hili ni gumu kueleza na ni rahisi kusikia. Umejifunza wimbo noti kwa noti, hujakosea hata moja, na bado hakuna anayetikisa kichwa.

Sababu ya kwanza ni mgawanyo wa pigo. Katika bluzi nyingi za vijijini, noti inayoangukia kati ya mapigo haikai katikati kabisa. Inachelewa, inasogea karibu na pigo linalofuata. Sisi tuliokua na rumba na gitaa kavu la kwetu tuna mkono uliozoea kugawa sawasawa. Mwenda Jean Bosco wa Katanga huko Kongo, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, naye alipiga kwa gumba na kidole cha shahada, kwa hiyo vidole vyetu vinadhani vimeshafika nyumbani. Ufundi wa mkono unafanana sana, na anayejua gitaa la Katanga ana mtaji mkubwa. Mwendo ndio hautakiwi kuhamishwa kama ulivyo. Ikiwa bluzi yako inasikika kama rumba iliyopooza, imba kwanza kwa mdomo, "daa-da, daa-da," ile ya kwanza ndefu kuliko ya pili, kisha mkono ufuate mdomo.

Sababu ya pili ni msisitizo. Pigo la pili na la nne ndiyo yanayoutikisa mwili katika muziki huu. Weka metronomu ilie kwenye hayo mawili tu, na wewe ujaze la kwanza na la tatu. Mwanzoni utapotea. Ukishaweza kukaa humo dakika kadhaa bila kupotea, rudi kwenye wimbo wako usikilize tofauti.

Kuna pia mikono inayopiga sawasawa mno, kila noti ya besi ikiwa na uzito mmoja. Msikilize Blind Blake, aliyerekodi na kampuni ya Paramount kati ya 1926 na 1932. Gumba lake huteleza kutoka uzi mmoja mnene kwenda unaofuata kwa mwendo mmoja wa kusukuma, noti ya kwanza ikidondoka kabla tu ya pigo na ya pili ikitua juu yake. Besi inaonekana kujikwaa na kusimama palepale. Usijaribu kabla gumba halijatulia. Likishatulia, jaribu, kwa sababu hakuna kinachofundisha uhuru wa gumba haraka kuliko hilo.

Nimetyuni vizuri lakini hailingani na rekodi

Huenda huna kosa lolote. Sahani za zamani ziliandikwa mizunguko 78 kwa dakika, lakini mashine za kurekodia hazikuzunguka zote kwa kasi hiyo kamili, na wapigaji wenyewe walilegeza nyuzi au kuweka kapo, kile kibano cha shingoni kinachopandisha nyuzi zote, bila kumtaarifu mtu. Ukikuta wimbo uko kati ya E na F, tyuni gitaa lako lifuate rekodi unapojifunza, kisha rudi mahali pako.

Ikiwa sauti inalingana ila hakuna kodi unayoijua inayotoa kile unachosikia, shuku utyuni wenyewe. Nyimbo nyingi za vijijini hazipo katika utyuni wa kawaida wa E A D G B E. Uliozoeleka sana ni ule walioita wa Kihispania, yaani D G D G B D kuanzia uzi mnene, na ule walioita Vestapol, yaani D A D F♯ A D. Skip James wa Bentonia, Mississippi, aliyerekodi mwaka 1931, alitumia utyuni wa kodi ndogo (minor), ndiyo maana nyimbo zake zina huzuni ambayo huwezi kuipata ukishika E ndogo ya kawaida hata ukikesha. Kipimo cha haraka: sikiliza mwisho wa wimbo, pale nyuzi zinapoachwa zilie. Zikitoa kodi kamili zikiwa wazi, umepata jibu.

Neno la tahadhari. Watu husoma kwamba wimbo fulani uko kwenye E ya wazi, yaani nyuzi zisipobonyezwa zinatoa kodi ya E, wanapandisha nyuzi tatu, na uzi unakatika au daraja linaanza kunyanyuka. Shusha hadi D ya wazi, kisha weka kapo freti ya pili. Utafika palepale bila kulitesa gitaa.

Sasa ile kero nyingine: mashine ya kutyunia inasema kila uzi uko sawa, lakini kodi ya wazi inauma sikio. Mashine inapima kwa mgawanyo sawa wa nusu-sauti 12, na katika mgawanyo huo noti ya tatu ya kodi kubwa iko juu ya ile ambayo sikio lingeichagua, kwa takriban senti 14 (senti moja ni sehemu ya mia ya nusu-sauti). Katika G ya wazi noti hiyo iko kwenye uzi wa pili; katika D ya wazi iko kwenye uzi wa tatu. Ushushe uzi huo kidogo sana kwa sikio mpaka kodi iache kutetemeka. Hasa ukipiga kwa chupa, yaani kuteleza shingo ya chupa juu ya nyuzi, ambapo kodi ya wazi inasikika muda wote, hili linabadilisha kila kitu.

Uzi usiotulia mahali, unaoruka ghafla kwa mlio wa "tik" unapokaza, umenasa kwenye mfereji wa kile kipande cha mfupa juu ya shingo. Paka humo unga wa risasi ya penseli. Na siku zote fika kwenye noti kwa kupandisha kutoka chini. Ukipitiliza, legeza zaidi ya inavyohitajika kisha upande tena.

Mkwaruzo

Usimpe fundi pesa kabla hujajua mkwaruzo uko wapi. Unasikika kwenye uzi ulio wazi tu na unapotea ukibonyeza freti yoyote? Mfereji wa uzi huo juu ya shingo umelika. Uko freti ya kwanza hadi ya tano hivi? Shingo imenyooka mno au imepinda kinyume. Uko juu, kuanzia freti ya 12? Chunguza pale shingo inapoungana na mwili. Uko kila mahali? Nyuzi zimeshuka sana kwenye daraja.

Kupima shingo hakuhitaji kifaa. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya 14 kwa wakati mmoja, tazama freti ya saba. Inatakiwa kuwe na upenyo wa takriban robo milimita, unene wa kadi nyembamba. Hakuna upenyo kabisa, legeza kile chuma cha ndani ya shingo kwa robo mzunguko, subiri hadi kesho, pima tena. Magitaa mengine ya bei nafuu hayana chuma hicho. Hapo kweli muone fundi. Kwenye freti ya 12, uzi wa sita ukiwa juu kwa milimita 2.5 hivi unafaa kwa muziki huu. Usiushushe kama wa gitaa la umeme, kwa sababu gumba la bluzi linagonga kwa nguvu na uzi unahitaji nafasi ya kutikisika.

Hali ya hewa huleta nusu ya kesi hizi. Unyevu wa asilimia 45 hadi 55 ndio unaolifaa gitaa la mbao. Dar es Salaam au Mombasa wakati wa masika, uso wa gitaa huvimba, daraja hupanda, nyuzi zinakuwa juu na ngumu. Dodoma kwenye kiangazi mambo yanageuka: uso unashuka, mkwaruzo unaanza bila mtu kugusa kitu, na ncha za freti zinachomoza kandoni na kukwaruza kiganja. Liweke ndani ya boksi lake, pamoja na kitambaa chenye unyevu ndani ya kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, kitambaa kisiguse mbao. Siku chache zinaweza kulirudisha.

Na kabla ya hayo yote, angalia gumba. Likiuvuta uzi kwenda nje, mbali na gitaa, uzi utarudi ukipiga freti hata kama gitaa ni zima. Lisukume uzi kwenda chini, kuelekea uzi unaofuata. Charley Patton, mpiga bluzi wa Mississippi, aliuvuta kwa makusudi ukapasuka kama ngoma, naye alijua anachokitaka. Wewe kwanza ujue kuuzuia.

F iliyokufa

Wapigaji wengi wa bluzi hawakuibana F kwa kidole kimoja kilicholala juu ya nyuzi zote. Walipitisha gumba la kushoto juu ya shingo likashika uzi wa sita kwenye freti ya kwanza, vidole vingine vikabaki huru kutembea kwenye wimbo. Gary Davis aliutegemea sana mkao huo. Gumba lako likiwa fupi au shingo ikiwa pana, shika nyuzi nne nyembamba tu na besi ipokezane kati ya uzi wa nne na wa tatu. Hakuna atakayedai noti iliyokosekana.

Kifundo kikiuma au vidole vikifa ganzi, acha kupiga siku hiyo. Mara nyingi gitaa limekaa chini mno na kifundo kimekunjika. Liinue, shingo ielekee juu kidogo.

Na anayedhani mkono wake hauruhusu, amsikilize Elizabeth Cotten wa North Carolina. Alitumia mkono wa kushoto, akaligeuza gitaa la kawaida bila kubadilisha nyuzi, hivyo besi ikapigwa kwa vidole na wimbo ukapigwa kwa gumba. Mpangilio wote ninaoueleza hapa yeye aliupindua, na besi yake haikuwahi kusita.

Nikianza kuimba mkono unapotea

Hapa watu hukata tamaa, na si lazima. Sauti ya kuimba ni kidole cha sita. Inaingia kwa hatua zilezile. Ondoa wimbo wa vidole. Bakiza gumba. Guna juu yake bila maneno, kisha sema maneno kama unaongea, kisha uyaimbe. Vidole virudi mwishoni, na virudi kwanza kwenye mapengo baina ya mistari, pale sauti inapopumzika. Sikiliza rekodi zenyewe: gitaa kwa kawaida hujibu sauti, halishindani nayo. Mtu anayejaribu kupiga kila noti huku akiimba kila neno anajipa kazi ambayo wengi wa mabingwa hao hawakuifanya.

Ukihesabu baa 12 za bluzi (baa ni kifungu cha mapigo, kwa kawaida manne) ukakuta rekodi ina 11 na nusu, au 13, hujakosea hesabu. Lightnin' Hopkins alibadilisha kodi pale alipokuwa tayari, na Robert Johnson katika vikao vyake vya kurekodi vya San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937 aliongeza na kupunguza mapigo kadiri maneno yalivyotaka. Mtu aliye peke yake hana wa kumsubiri. Kwa hiyo acha kuhesabu baa unapojifunza wimbo wa namna hiyo. Weka gumba liendelee kwenye kodi uliyo nayo, imba mstari hadi uishe, vuta pumzi, na uhame kodi neno la mstari unaofuata linapotoka.